Ratiba Isiyojua Maji

Jumamosi moja ya kusi, mwezi ukiwa na siku kumi na nane tangu kuandama, nilikaa kando ya kiwanja cha Twaif, hapa Amu, nikiingojea timu ya vijana kutoka kisiwa cha Pate ije kucheza na timu ya mtaa wetu mechi iliyoandikiwa saa tisa alasiri. Saa tisa ikafika. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuvaa jezi, refa amekwisha kuitazama saa yake mara mbili, na wazee waliozoea kuja na viti vyao vya plastiki wamekwisha kuupata upande wa kivuli. Zikapita dakika kumi na tano, refa akapuliza kipenga, akaandika katika daftari lake kwamba wageni hawakuhudhuria, na wenyeji wakapewa pointi tatu za ushindi wa mezani bila ya mtu kuugusa mpira. Saa kumi na nusu ndipo tulipowaona wageni wakipanda kutoka gatini mmoja mmoja, suruali wamezikunja hadi magotini, matope yamewakaukia miguuni, huyu amejitwika gunia la viatu na yule ameshika dumu la maji ambalo halina hata tone. Mashua yao ilikuwa imepanda fungu katika Mkanda tangu saa tano, wakakaa humo jua la utosi, mikoko huku na mikoko huku, mpaka maji yaliporejea yakawainua.

Nahodha wao, mtu mzima wa Faza, hakugombana na mtu. Aliuliza tu ni nani aliyeandika saa tisa kwa siku ile; na pale kiwanjani hapakuwa na aliyeweza kumjibu, kwa kuwa ratiba ilikuja kwa simu, kutoka bara.

Swali hilo limenikaa moyoni muda mrefu kuliko lilivyostahili kukaa swali la mechi ya vijana, na kila nikiligeuza naona kwamba si swali la saa bali ni swali la hukumu: nani anayo haki ya kuuhukumia mchezo wa watu wa visiwani, na haki hiyo ameipata kwa kujua nini? Asiyekulia huku huenda akadhani kwamba kuchelewa ni uzembe, na kwamba mwenye azma ya kucheza hupanda chombo mapema akafika. Lakini baina ya kisiwa cha Pate na kisiwa cha Amu kimelala kisiwa cha Manda, na njia ya ndani, ambayo ndiyo njia ya salama kusi inapochacha, hupita katika Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, ambao maji yakipwa hubaki matope na mizizi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hujaa takriban saa kumi, jioni na alfajiri, na hupwa takriban saa nne. Kila siku inayofuata maji hukawia kwa kiasi cha dakika hamsini. Hata ikifika siku ya maji mafu, hesabu yote imepinduka, na saa iliyokuwa ya kujaa imekuwa ya kupwa. Siku ile ya mwezi kumi na nane maji yalikuwa yapwe hadi saa saba mchana. Hayo aliyajua nahodha, aliyajua muuza samaki, aliyajua mtoto wa chuoni anayeogelea mbele ya ukuta wa bahari. Asiyeyajua ni yule peke yake aliyeandika ratiba. Na kama ataulizwa mtu kwa nini vijana wale hawakuondoka Faza alfajiri na mapema, jawabu ni kwamba watatu miongoni mwao walikuwa wavuvi waliokesha baharini, nao waliingia na samaki wao saa mbili. Na mchezo wa ridhaa maana yake ndiyo hiyo, kwamba mchezaji ana kazi nyingine inayomlisha.

Kaunti ya Lamu, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, ilikuwa na watu 143,920, waliogawika katika wadi 10 na majimbo 2 ya uchaguzi, na makao ya serikali yake yako Mokowe, ng'ambo ya maji. Upande wa bara wako watu wa Hindi, Mpeketoni na Witu, wenye barabara na mabasi. Upande wa visiwa na pwani ya kaskazini ziko Amu na Shela, Matondoni na Kipungani, Pate, Siyu, Faza, Tchundwa na Kizingitini, Ndau na Kiwayu, na kupanda hadi Kiunga karibu na mpaka wa Somalia. Kuwakusanya wote hao katika ligi moja kwa ratiba moja ni kazi ambayo hata sultani mwenye merikebu angeifikiria mara mbili. Na waliojaribu, aghalabu, wamejaribu kwa akili ya bara: kana kwamba Kizingitini ni kituo kingine cha matatu baada ya Hindi.

Sheria zipo, tena nyingi. Katiba ya mwaka 2010, katika jedwali lake la nne, imezikabidhi kaunti shughuli za michezo na utamaduni pamoja na viwanja vyake. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 ikaja nyuma yake na msajili wa michezo, na mahakama maalumu ya kuamua mizozo, na daraja tatu za kusajiliwa: klabu, chama cha kaunti, na shirikisho la taifa. Yote hayo ni mazuri, nami si katika wale wanaodharau karatasi, kwa kuwa klabu isiyo na daftari huwa mali ya mtu mmoja, naye akikasirika huondoka na mipira. Ila nimeona jinsi viongozi wa vijana wanavyohangaika kutafuta cheti kwa safari na gharama, wakidhani kwamba cheti kikipatikana utawala wa mchezo umepatikana, ilhali cheti ni ithibati ya kuwapo kwao tu. Hakiwaambii saa ya maji, wala hakiwapi mtu wa kumwendea jioni ile ile mechi inapoharibika. Mahakama ya mizozo iko Nairobi. Kijana wa Ndau mwenye malalamiko ya bao la kuotea ataanza safari lini?

Na umbali huu baina ya wakubwa wa juu na sisi wa chini ulidhihirika wazi mnamo Februari 2022, FIFA ilipoifungia Kenya kwa sababu ya serikali kuliondoa shirikisho la kandanda na kuweka kamati yake, kifungo kilichodumu hadi Novemba ya mwaka huo. Timu ya taifa ilizuiliwa, klabu kubwa zikahuzunika, magazeti yakajaa. Huku kwetu sikumwona mtoto mmoja aliyeacha kukimbilia uwanjani baada ya sala ya alasiri. Wengine watalihesabu jambo hilo kuwa ni sifa ya mapenzi ya mchezo. Mimi nililihesabu kuwa ni dalili ya kwamba kamba iliyotufunga na wakubwa wale ilikuwa imekatika zamani, hata kukazwa kwake hakukusikika.

Sasa natazama upande wa pili, upande wa bahari, ambako uko mchezo usiokuwa na cheti hata kimoja na wenye utawala uliokamilika. Mashindano ya mashua hufanywa wakati wa Maulidi, katika Mfungo Sita, na hufanywa katika tamasha la utamaduni, na mwanzo wa mwaka wa miladi. Na kila mji wenye fahari huleta chombo chake. Yasidhaniwe kuwa ni maonyesho ya watalii, ingawa watalii huyatazama na kuyapiga picha. Wiki nyingi kabla, chombo hupandishwa pwani, chini yake hupitishwa moto wa makuti, hukwanguliwa kila kilichoota, kikapakwa shahamu mpaka mtu akipitisha kiganja asiguswe na kijiti. Mafundi wa Matondoni, ambao hawana mshindani katika kuunda, huitwa wakaitazama foromali na mlingoti. Tanga hushonwa upya, au likaazimwa kwa jamaa kwa siri kama siri ya posa. Siku yenyewe mabaharia hutoka na ubao mrefu unaotokezwa upande wa joshi, wakaupanda mmoja nyuma ya mwingine juu ya maji matupu ili chombo kisilale, na pale pa kubisha, tanga linapohamishwa upande wa pili, ndipo mtu anaposhinda au anaposhindwa, kwa kuwa nahodha aliyekawia pumzi tatu huwa amewapa wenziwe urefu wa chombo kizima.

Ni nani anayehukumu? Wazee wa bahari, waliokuwa manahodha wenyewe, ambao majina yao hayamo katika daftari la msajili yeyote, lakini hakuna chombo kinachong'oa nanga kabla hawajaridhika. Wao ndio wanaochagua siku, na huichagua kwa kutazama mwezi kwanza na upepo pili. Hata mwenye kutoa zawadi, awe mkubwa wa namna gani, huambiwa siku na wala haulizwi. Mwaka mmoja nilikaa karibu nao walipokuwa wakiamua shauri la mashua mbili zilizogongana penye boya, kila moja ikidai kwamba njia ilikuwa yake. Walikutana baada ya sala ya isha, katika baraza ya nyumba, wakawaita manahodha wawili, wakawauliza kila mmoja alikuwa amekwenda na upepo wa upande gani, na tanga lake lilikuwa wapi, na nani alimwona mwenziwe kwanza. Hakuna aliyepandisha sauti. Mzee mmoja alichukua kashata mbili kutoka sahanini akaziweka mkekani kuwa ndizo mashua, na kikombe cha kahawa kikawa boya, akazisogeza mbele ya wenye shauri mpaka yule aliyekosa alipoliona kosa lake kwa macho yake mwenyewe, akainama, akasema, "Nimefahamu, mzee." Kahawa ikaendelea, na kashata zikaliwa. Ugomvi uliozuka baharini alasiri ulikuwa umekwisha kabla ya saa nne ya usiku, bila ya barua, bila ya ada ya rufaa.

Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, aliiandika elimu ya kuunda vyombo katika shairi lake *Sambo ya Kiwandeo*, lililochapishwa Leiden mwaka 1979, na alifanya hivyo kwa kuhofu kwamba majina ya vitu yakisahauliwa na vitu vyenyewe vitafuata. Naiona hofu hiyo hiyo katika habari ya mashindano: kanuni za wazee wale zimo vifuani, na kifua cha mzee ni sanduku ambalo huzikwa pamoja na mwenyewe. Kwa hiyo nisifahamike kuwa nasema bahari ina kila kitu na kabumbu haina kitu. Bahari ina mahakimu bila ya maandishi, na mpira una maandishi bila ya mahakimu. Na hasara ya mmoja ingeweza kuzibwa kwa faida ya mwenziwe, lau kungekuwa na nyumba moja ya kuwakutanisha.

Nyumba hiyo Amu iliwahi kuwa nayo, na jina lake ni Yumbe. Kabla ya nguvu ya Zanzibar kutanda katika visiwa hivi, mji huu haukuwa na sultani kama walivyokuwa naye wenzetu wa Pate. Ulitawaliwa na baraza la wazee, na mji ulipokuwa umegawika pande mbili, Zena na Suudi, uongozi haukuachwa kuwa urithi wa upande mmoja, bali ulizunguka baina yao. Sisemi kwamba wazee wale walikuwa malaika. Walikuwa matajiri wenye watumwa na mashamba, na wengi katika sisi tunaocheza mpira leo tusingalipata nafasi ya kukaa hata kizingitini mwa Yumbe lile. Lakini hikima ya kuzungusha uongozi ilikuwa hikima, kwa sababu waliifahamu hulka ya watu wa hapa: kwamba upande ukishinda moja kwa moja, upande wa pili hauji tena mkutanoni. Mtu anayeshangaa kwa nini vijana wa Pate na vijana wa Amu wakikutana uwanjani huchezeana kwa ghaidhi kuliko wanavyomchezea mtu wa Mombasa, na akumbuke kwamba vita vya Shela, baina ya Amu na Pate, vilipiganwa mwanzoni mwa karne ya 19, na kwamba huko pwani ya Shela wazee walikuwa wakionyesha mifupa mchangani. Mimi naona ni rehema kubwa kwamba ugomvi ule umeshuka hata ukawa ugomvi wa mpira wa kona.

Basi rai yangu ni Yumbe la michezo, lililoundwa kutoka chini. Kila mji ulete wajumbe wake wawili, mmoja wa nchi kavu na mmoja wa bahari. Uenyekiti usikae mahali pamoja zaidi ya mwaka, bali uzunguke, mwaka huu Amu, mwaka ujao Faza, kisha Mpeketoni, kisha Kiunga, kwa kuwa ndugu zetu wa bara ni wenye haki kamili katika jambo hili na lisije likawa ni njama ya watu wa visiwani ya kulipiza. Ratiba iandikwe na kikao hicho, si kwa tarehe ya kalenda ya ukutani peke yake, bali juu ya jedwali la maji linalochapishwa kila mwaka na mamlaka ya bandari kwa bandari za pwani, na hesabu ya Mombasa yatosha kwa haja yetu. Timu za Pate zije Amu siku ambazo Mkanda una maji wakati wa kuja na wakati wa kurudi. Na miezi ya kusi kali, njia ya nje inapofungwa na mawimbi, kila kisiwa kicheze ndani ya kisiwa chake, kisha kaskazi ikitulia washindi wakutane. Mwezi wa Ramadhani uheshimiwe, na siku za Maulidi zisipangiwe mechi nyingine yoyote. Chama cha kandanda cha kaunti kibaki na kazi yake ya usajili na marefa na kufikisha mabingwa wetu mbele. Kisichokuwa kazi yake ni kutupangia bahari.

Wapo watakaosema kwamba watu wa hapa hawawezi kuendesha chombo cha namna hiyo, kwamba kitavunjika kwa fitina kabla ya msimu kwisha. Nawaonyesha vikundi vya usimamizi wa fuo, vile tunavyoviita BMU, vilivyowekwa kwa kanuni za mwaka 2007: katika madiko yetu wavuvi huchagua kamati yao, huandika samaki waliopimwa, na huamua mizozo ya nyavu. Havikosi kasoro, na katika baadhi yavyo ugomvi haujakauka. Lakini bandari mpya ilipochimbwa katika ghuba ya Manda na mahali pa kuvulia pakaharibika, watu waliotoka pwani hizi ndio waliokwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Watu walioweza kusimama mbele ya mradi wa serikali hawatashindwa na daftari la ligi.

Na wala mchezo wa ridhaa kujitawala kutoka chini si jambo geni duniani. Ayalandi, mwaka 1884, mwaka mmoja kabla ya Wajerumani kutiliana mkataba na Sultani Ahmed wa Witu hapa jirani yetu, watu wachache walikutana katika hoteli ya mji mdogo uitwao Thurles, wakaanzisha Gaelic Athletic Association, chama cha michezo ya asili ya nchi yao, ambacho msingi wake ni parokia: mtu huchezea mahali alipozaliwa au anapokaa, klabu ziko chini ya bodi ya kaunti, na wachezaji hawalipwi mshahara. Leo chama hicho kina uwanja mjini Dublin, Croke Park, unaochukua watu zaidi ya 82,000, na anayecheza humo Jumapili ya fainali, Jumatatu huonekana darasani akisomesha au shambani akikama ng'ombe. Sitaki tuige sheria zao, kwa kuwa wao hawana bamvua la kuwasumbua. Nataka tuone tu kwamba mchezo wa ridhaa wa vijijini uliweza kuwa na utawala wenye taadhima bila ya kungoja kwanza uwe biashara. Karibu nasi zaidi, Tanganyika na Zanzibar baada ya kuungana walitunga Sheria Namba 12 ya mwaka 1967, ikaunda Baraza la Michezo la Taifa lenye mikono yake mikoani na wilayani upande wa bara. Mikono hiyo mahali pengine ina nguvu, mahali pengine imelegea, nayo yote ilianza kichwani ikashuka. Na Wazanzibari, ambao ni watu wa visiwa kama sisi, walionja mwaka 2017 uchungu wa kutegemea wakubwa wa mbali, pale CAF, shirikisho la kandanda la Afrika, ilipowapa uanachama mwezi wa Machi na kuwanyang'anya Julai. Ligi yao haikufa kwa hayo, kwa kuwa wanayo nyumba yao.

Pesa nazo hazina budi kutajwa, ingawa maudhui yake hayanipendezi. Hapa kwetu tuna misimu mitatu: kaskazi, kusi, na uchaguzi. Msimu wa tatu ukikaribia huota makombe kama uyoga, kila moja lina jina la mheshimiwa, kila moja lina jezi zenye picha yake, na mwisho wake ni siku ile kura zinapohesabiwa. Simlaumu mheshimiwa, yeye anatafuta kura mahali penye watu. Nawalaumu viongozi wetu wa klabu, ambao huzivunja ratiba zao wenyewe ili kuingia kombe la wiki mbili, kisha hulia mwaka mzima kwamba ligi haina maana. Yumbe la michezo likiwapo, anayetaka kutoa kombe na aende kwake akaambiwe, kama manahodha wanavyomwambia mwenye zawadi, siku gani inafaa. Na hesabu ya kila shilingi ibandikwe ukutani, penye macho ya watu, kila mwisho wa mwezi. Mtu asiyetaka pesa yake ibandikwe ukutani na abaki nayo.

Katika nyumba hiyo hiyo iingie michezo ambayo hadi sasa hufanywa kwa mazoea tu. Mbio za punda kando ya bahari zina furaha yake, lakini mnyama ana haki yake pia, na hilo tumelijua zaidi tangu Donkey Sanctuary ya Uingereza ilipofungua zahanati ya punda hapa Amu mwaka 1987. Punda mwenye kidonda mgongoni asiruhusiwe kushindana, na mwenye kuruhusu atajwe. Bao lina mabingwa wake ambao hawajulikani nje ya baraza moja. Kirumbizi, mchezo wa fimbo kwa ngoma na zumari, una adabu ya kupiga na ya kutopiga ambayo vijana wa leo wanaijua nusu, na nusu hiyo ndiyo ya kupiga.

Kuhusu watoto wa kike nitasema wazi, ijapokuwa najua kuna watakaokunja uso. Wasichana wetu wanacheza shuleni, wanacheza vizuri, kisha wakimaliza shule mchezo wao unakatwa kama uzi. Sababu inayotajwa ni stara. Mimi naitukuza stara, na ndiyo maana nauliza: kwa nini mji wenye kuta ndefu na nyua nyingi namna hii umeshindwa kuwatengea ua mmoja wenye ukuta, na saa zao, na mwalimu wao mwanamke? Mwenye kusema haifai na akiri kwanza kwamba hakujaribu.

Na haya yote yana haraka yake. Tangu amri ya kutotoka usiku ilipowekwa mwaka 2014, baada ya mauaji ya Mpeketoni, vijana wetu walijifunza kukaa ndani jua likitua, na wengi katika wale waliokaa ndani walijifunza huko mambo mengine yasiyokuwa ya mpira. Wazazi wanayajua, sina haja ya kuyataja. Amri hiyo ilikwisha kuondolewa, lakini mazoea ya alasiri yaliyopotea hayarudi kwa tangazo la gazeti la serikali.

Nilimtafuta yule nahodha wa Faza hivi karibuni, nikamkuta Mokowe akipakia saruji, nikamuuliza kama timu yake imerudi ligini. Akasema vijana bado wanacheza, lakini wanacheza wao kwa wao, Faza na Tchundwa na Kizingitini, mahali panapofikika kwa miguu. Mechi za Amu wamezisamehe, na pointi zile tatu zimebaki kwetu hadi leo. Kwa hiyo nawasihi viongozi wa klabu za Amu, na kwanza wa mtaa wetu: ratiba ya msimu ujao ikija kwenu kwa simu, fungueni jedwali la maji muiweke kando yake kabla ya kuikubali, na mkiona siku ambayo mgeni wetu hawezi kufika, irudisheni.